Upande wa Maneno

Katika chumba cha kuchakata picha cha hospitali ile kulikuwa na karatasi imebandikwa juu ya kompyuta, imeandikwa kwa kalamu nene nyekundu: MACHO MANNE. Maana yake ilikuwa kwamba hakuna ramani ya ubongo inayotoka mle kwenda kwa daktari mpasuaji kabla watu wawili hawajaitazama na kutia sahihi. Sheria ya pili haikubandikwa popote, kwa sababu kila mtu aliijua: ndugu yako akiugua, picha zake hazipiti mikononi mwako. Dada Picha, kama walivyozoea kumwita wenzake, ndiye aliyezitunga sheria hizo, miaka sita nyuma, tena kwa ukali wa mtu asiyependa mchezo kazini. Ndiye pia aliyekuja kuzivunja zote mbili katika wiki moja. Sisi tusiharakishe kumnyooshea kidole. Kwanza tusikie ilikuwaje.

Kaka yake alikuwa mtangazaji wa mpira redioni. Nyumbani walimwita Kasuku tangu ana miaka mitatu, kwa kuwa alianza kusema mapema na tangu hapo hakuwahi kunyamaza. Alisema akila, alisema akioga, na mkewe aliapa kwamba husema hata usingizini, tena kwa mpangilio. Redioni alikuwa moto wa kuotea mbali. Mchezo uwe umelala, wachezaji wanarudishiana mpira kama watu waliochoka na maisha, yeye angewapandisha wasikilizaji roho mpaka wasimame vitini. Dada Picha alimfuata kwa miaka miwili, kwa hiyo alikuwa msikilizaji wake wa kwanza. Utotoni alitangaziwa kila kitu, kuanzia kuku waliokimbizana uani hadi baba yao alipokuwa akitafuta soksi.

Ugonjwa ulianza hewani. Katikati ya mechi Kasuku alinyamaza kwa sekunde kumi na mbili, na kwa jinsi nchi nzima ilivyomjua, wengi walidhani redio zao zimekufa. Kisha akaanguka, mkono wa kulia ukitikisika. Picha za kwanza zilionyesha uvimbe mdogo, wa ukubwa wa punje ya harage, upande wa kushoto wa ubongo, karibu kabisa na mahali ambapo kwa watu wengi ndipo maneno yanapotengenezwa.

Daktari mpasuaji, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, aliwakalisha Kasuku, mkewe na Dada Picha ofisini kwake.

"Uvimbe utatoka," alisema. "Swali ni moja. Maneno ya huyu bwana yanakaa upande gani? Watu wengi, kushoto. Lakini yeye ni mashoto, na kwa mashoto baadhi huwa kulia."

"Na ikiwa ni kushoto?" mke wa Kasuku aliuliza.

"Basi nitamwamsha katikati ya upasuaji, kichwa kikiwa wazi. Atakuwa anazungumza nasi huku nakata. Hasikii maumivu. Pale maneno yanapoanza kumpotea, hapo nasimama. Ikiwa ni kulia, atalala tangu mwanzo hadi mwisho, nami nitakata kwa nafasi, nisiache mizizi."

"Daktari," Kasuku alisema, "mtu anayenifungua kichwa ili nizungumze hanijui. Mimi huzungumza kikiwa kimefungwa."

Walicheka wote, hata daktari. Lakini walipofika kwenye maegesho, mke wa Kasuku alimvuta Dada Picha pembeni. "Wifi, usidanganyike na vichekesho vyake. Halali. Kila akifumba macho anaona ameamshwa kichwa kiko wazi. Ananiambia bora afe." Machozi yakamlenga. "Omba iwe kulia."

Dada Picha aliomba. Na hapo ndipo makosa yalipoanzia, kabla ya mashine yoyote kuwashwa, kwa sababu mtu anayefanya kazi ile hapaswi kuomba iwe upande wowote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashine ya sumaku hupiga ubongo picha za aina mbili. Za kwanza ni picha za umbo: kali, safi, kila mkunjo unaonekana, lakini hazikwambii mkunjo upi unafanya nini. Za pili ni picha za kazi. Hizi hupigwa kwa mamia mgonjwa akiwa anafanya zoezi fulani, na huonyesha sehemu ipi ya ubongo imevuta damu zaidi kwa sababu ya zoezi hilo. Zina habari zote unazozitaka, ila ni hafifu na zimefifia, kama kitu kinachotazamwa kupitia kioo chenye mvuke. Kwa hiyo lazima zile hafifu zilazwe juu ya zile kali, zilandanishwe mpaka ubongo ukae juu ya ubongo, ndipo daktari aweze kuweka kidole na kusema: hapa. Ulandanishi ukikosea kidogo, kidole kinaangukia jirani.

Mwenzake chumbani, kijana mrefu waliyemwita Miwani kwa kuwa alikuwa na jozi mbili na siku zote alitafuta ya tatu, alimwambia waziwazi asubuhi ile, "Ya kaka yako nachukua mimi."

"Wewe una wagonjwa wanne."

"Wanne nitawamaliza. Sheria ni sheria."

"Sheria niliitunga mimi," Dada Picha alisema, na sauti yake ikawa na ncha. "Sitaki mkono wa mtu mwingine kwenye kichwa cha kaka yangu."

Miwani alinyanyua mabega. Alikuwa mdogo wake kikazi, na Dada Picha akishakaza uso hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana naye.

Kasuku aliingizwa kwenye mashine saa nne asubuhi. Alitakiwa kulala bila kutikisika na kufikiria maneno kimyakimya kila herufi inapotokea kwenye kioo kilicho juu ya macho yake. Kunyamaza peke yake kulikuwa adhabu kwake. Baada ya dakika saba alibonyeza mpira wa dharura uliokuwa mkononi, wakamtoa, akanywa maji, akatania kidogo, wakamrudisha. Zoezi la maneno lilimalizwa kwa vipande viwili.

Lilibaki zoezi la vidole. Lilikuwa desturi ya chumba kile, na wageni waliliona kama kupoteza muda: mwishoni kila mgonjwa hugonganisha vidole vya mkono wa kulia kwa dakika nne. Hakuna daktari aliyelihitaji. Lakini mkono wa kulia huendeshwa na ubongo wa kushoto, kwa mashoto na kwa asiye mashoto, na kwa hiyo likifanywa, taa inawaka mahali panapojulikana. Ikionekana imewaka upande usio wake, unajua picha zimegeuka njiani, ya kulia imekwenda kushoto, na unarudi kutafuta ilipogeukia.

Kasuku alibonyeza mpira tena kabla zoezi halijaanza.

"Dakika nne tu, kaka," Dada Picha alimwambia kwenye kipaza sauti. "Nne, halafu tunakwenda kunywa chai."

"Nitoe."

"Hesabu tu vidole. Nitahesabu na wewe."

"Mdogo wangu," sauti ilitoka mle ndani, imenyongeka, si ile ya redioni kabisa. "Nakuomba."

Dada Picha alikuwa amewabembeleza watu wa kila namna katika mashine ile. Aliwahi kumbakiza ndani askari aliyekuwa akilia kama mtoto, na bibi mmoja aliyemtukana hadi ukoo wake wa tatu, na wote walimaliza zoezi la vidole. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa kaka yake, na kaka yake hakuwahi maishani kumwambia nakuomba. Akaivuta meza nje. Kwenye fomu, penye nafasi ya zoezi la vidole, aliandika: mgonjwa alichoka.

Mchana huo akakaa kwenye kompyuta. Kwa kuwa kipimo kilikatwa katikati, mafaili yalikuja vipande vipande, na programu yao ya kila siku ilikataa kuyasoma. Alipaswa kumwandikia fundi wa mashine na kusubiri kesho. Lakini kusubiri lilikuwa jambo la wagonjwa wengine. Alifungua programu ya zamani aliyoitumia enzi za uanafunzi, ambayo ilisoma faili lolote, hata bovu. Ilikuwa na kilema kimoja tu. Ilitoa picha kama zinavyoonekana kwenye kioo, kulia kukiwa kushoto, mpaka uweke alama kwenye kisanduku kidogo chini kabisa ili izigeuze. Dada Picha alikijua kisanduku kile kama anavyojua jina lake. Alikuwa ameshawafundisha wengine kukikumbuka.

Alikuwa ameshashika kipanya simu ilipolia. Ni wifi yake. Kasuku amekula, Kasuku ametapika, Kasuku anauliza majibu yatatoka lini, wifi tuambie chochote, roho zetu ziko mkononi. Alizungumza naye dakika tano, akimpoza. Alipoweka simu alibonyeza kitufe kinachofuata, na programu ikaanza kazi. Baadaye, kwa miezi, alijaribu kuikumbuka sekunde ile, mkono wake ulipita wapi, macho yake yalikuwa wapi. Hakukumbuka kitu.

Hatua zilizofuata zilikwenda kama maji. Akarekebisha mtikisiko, na mtikisiko ulikuwa mwingi, Kasuku ni Kasuku. Akaondoa fuvu ubaki ubongo. Akalandanisha. Programu ya kulandanisha huichukua ile picha hafifu na kuisogeza, kuizungusha, kuiinamisha, mpaka ikae juu ya ile kali. Haiwezi kugeuza kiatu cha kushoto kikawa cha kulia, na wala haijui kama umeipa kiatu kisicho chake. Ubongo kwa nje unafanana pande zote mbili, kwa hiyo uliogeuzwa nao hukaa. Hukaa karibu vizuri. Mwishoni programu ilitoa alama ya ulinganifu, na badala ya zile tisini na kitu alizozizoea, ilikuwa themanini na moja.

Aliitazama alama hiyo. Tuseme ukweli: aliitazama, na moyo ukamgonga kidogo. Kisha akajiambia ni mtikisiko.

Halafu akaweka rangi, na rangi zikawaka kulia. Si kidogo, doa zima jekundu, mbali kabisa na uvimbe, upande wa pili wa kichwa. Dada Picha alifunika uso kwa viganja akalia kwa furaha. Ni mashoto, bila shaka ni mashoto, alikuwa akikata mkate kwa mkono wa kushoto, akipiga mpira kwa mguu wa kushoto. Kila kitu kilikubali. Angekuwa mgonjwa mwingine, angerudi nyuma hatua kwa hatua, kwa sababu jibu linalopendeza mno ndilo alilokuwa akiwafundisha wengine kulitilia shaka. Kwa kaka yake hakurudi hata hatua moja.

Miwani aliingia kuchukua koti lake. "Nikuangalizie?"

"Nimeshaangalia mara tatu." Hakuwa ameangalia hata mara moja na nusu. "Tia sahihi tu."

"Dakika mbili, nipishe kwenye kiti."

"Yaani mimi nishindwe kulaza picha ya kaka yangu mwenyewe?"

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha ule ulikuwa na mlango uliofungwa nyuma yake. Miwani akatia sahihi akiwa amesimama, bila hata kubadilisha miwani. Na yeye pia analala na hilo hadi leo.

Kesho yake, katika kikao cha madaktari, mpasuaji alisogea hadi pua ikaribie skrini. "Kulia. Una hakika?"

"Ni mashoto, daktari."

"Sikuuliza kama ni mashoto."

"Nina hakika," Dada Picha alisema.

Daktari alishusha pumzi. "Basi hakuna haja ya kumwamsha."

Alikimbia kuwapa habari. Wifi yake alipiga magoti pale pale koridoni, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, akamshika miguu akishukuru, na Dada Picha akawa anamwinua huku wote wawili wakicheka na kulia. Mama yao alizunguka mtaa mzima akisema kwamba binti yake ndiye aliyemchorea daktari ramani ya kichwa cha mwanawe. Kasuku mwenyewe, siku ya kuingia chumba cha upasuaji, alimshika dada yake shavu. "Profesa," alisema, "wakikuta humo magoli ya zamani, waambie wasiyafute." Hiyo ndiyo sentensi nzima ya mwisho aliyowahi kusema.

Upasuaji ulifanikiwa. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye jalada, na kwa uvimbe ilikuwa kweli: ulitoka wote, pamoja na nafasi kubwa iliyouzunguka. Kasuku aliamka jioni, akawatambua wote, akatabasamu kwa mama yake, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akafungua tena. Ilitoka sauti ndefu ya koo, na macho yake yakaanza kuhangaika kutoka uso hadi uso, kama anayeuliza ni nani aliyemzibia.

"Ni uvimbe wa kidonda," madaktari walisema. "Utashuka."

Ulishuka. Wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Mkono wa kulia, uliodhoofu baada ya upasuaji, ulipata nguvu, akatembea, akala, akanyoa ndevu mwenyewe. Alielewa kila alichoambiwa na kwa ndiyo aliinamisha kichwa, kwa hapana akakitikisa, bila kukosea. Lakini kusema kulikuwa kumekwenda, na kuandika nako kulikwenda humo humo. Ukimpa kalamu alichora mistari, akaitazama kwa aibu, akaiweka chini. Familia ilijifunza kukisia. Unaketi mbele yake na kutaja vitu: maji? dirisha? simu? mtoto? Naye anakataa, anakataa, mpaka ufike. Mama yao alisema ni mapenzi ya Mungu, na kwamba bila ramani ya binti yake huenda wangempoteza kabisa. Dada Picha alimwitikia, na usiku na mchana akajiuliza ni jambo gani la ajabu lililotokea ndani ya kichwa kile. Hakufikiria kisanduku hata mara moja. Akili ina njia zake za kupita mbali na nyumba inayoiogopa.

Wiki ya sita Kasuku alirudishwa kwenye mashine kwa kipimo cha kufuatilia. Safari hii Dada Picha alikaa nje ya chumba, na picha akazichakata Miwani, kwa utaratibu wote, vidole na kila kitu. Asubuhi ya siku iliyofuata alimkuta Miwani ameketi, jozi zote mbili za miwani ziko mezani, yeye anajifikicha macho.

"Kaa," Miwani alisema.

"Kuna nini?"

"Nilitaka kulinganisha na ile ya zamani. Zinakataa kukaa pamoja. Nikachukua mafaili yake ya mwanzo kabisa, nikamwomba fundi wa mashine ayaunganishe, nikayapitisha kwenye programu yetu. Dada, nisiseme mimi. Angalia mwenyewe."

Akasimama, akatoka, akafunga mlango taratibu. Alimwachia chumba, na huo ulikuwa wema mkubwa kuliko neno lolote ambalo angeweza kumwambia.

Kwenye skrini kulikuwa na ramani mbili. Ya kushoto ni ile aliyoipeleka yeye. Ya kulia ni ile ya Miwani, alama ya ulinganifu tisini na nne, na doa jekundu likiwa kushoto mwa ubongo, limekumbatia uvimbe. Alifungua picha mpya, za baada ya upasuaji, akazilaza juu yake. Doa jekundu na shimo lililokatwa vilikuwa kitu kimoja. Vililandana barabara, hata ncha kwa ncha.

Hakulia. Alifungua ile programu ya zamani, akashuka hadi chini kabisa ya ukurasa, akakikuta kisanduku kitupu. Alikitazama kwa muda mrefu, mtu mzima, mwenye vyeti ukutani, aliyewafundisha wanafunzi kumi na wawili wasikisahau.

Saa nane mchana alikuwa mbele ya mpasuaji na ripoti aliyoiandika kwa mkono wake, jina lake likiwa juu, la Miwani halimo. Daktari aliisoma mara mbili. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Dada Picha alingoja apigiwe kelele, na angeshukuru kupigiwa.

"Ningemwamsha," daktari alisema. Akageukia dirisha. "Uvimbe ule ningeutoa wote akiwa macho, na angeniambia pa kusimama. Angenichekesha, nadhani."

Kamati ingeundwa, barua zingeandikwa, programu ile ingefutwa kwenye kompyuta zote, na kwa kweli yote hayo yalifanyika kwa wakati wake. Hayo hayakumkosesha usingizi. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na asubuhi alipiga moyo konde akaenda nyumbani kwa kaka yake.

Kasuku alikuwa ameketi mezani karibu na redio iliyozimwa. Siku hizi mkewe hakuiwasha. Alimwona dada yake akafurahi, akamvutia kiti kwa mguu kama zamani. Wifi yake alileta chai.

"Kaka, nimekuja na jambo. Nakuomba unisikilize hadi mwisho."

Enzi nyingine mtu akimwambia Kasuku hivyo, angekatizwa mara saba kabla ya nukta. Sasa alikunja tu mikono na kusikiliza.

Alimwambia yote. Alimwambia kuhusu vidole, na mafaili, na simu, ingawa hapo aliruka ni nani aliyepiga. Alimwambia kuhusu kisanduku na alama ya themanini na moja na jinsi alivyofurahi. "Maneno yako yalikuwa kushoto," alisema. "Yalikuwa hapo hapo. Mimi ndiye niliyemwonyesha daktari kwamba hayapo. Si ugonjwa uliokufanya hivi, kaka. Ni mimi."

Kikombe cha wifi yake kiligonga kisahani. "Umejua lini?"

"Jana. Juzi sikuwa nimejua, naapa."

"Na yale macho manne uliyokuwa ukituhubiria kila tukikaa?"

"Nilimzuia mwenzangu asiangalie."

"Nilikupigia magoti," wifi yake alisema polepole. "Mbele za watu. Nilikushika miguu, nikakushukuru kwa hili." Sauti ikampanda. "Alikuwa na sauti ya kuamsha wafu, huyu! Ungeniambia hujui. Ungesema tu sijui, ngoja nimpe mwingine!"

Kasuku alinyanyua mkono wa kushoto. Mkewe akanyamaza.

Alikuwa amemkazia dada yake macho, na uso wake haukuwa uso ambao Dada Picha aliutegemea. Haukuwa na hasira, wala haukuwa umevunjika. Ulikuwa uso wa mtu mwenye jambo la kusema. Alifungua mdomo. Midomo ilijikunja, ikatafuta, mshipa ukamsimama shingoni. "Mm," alisema. "Mmma." Akapiga meza kwa kiganja, akaanza upya.

"Maji?" mkewe aliuliza, kwa mazoea tu. Akatikisa kichwa.

"Unataka aondoke?"

Akatikisa kwa nguvu. Hapana.

"Una hasira naye?" Kasuku alifikiri, akatikisa. Hapana, si hilo.

Dada Picha alisogeza kiti. "Unataka kuniuliza kwa nini?" Hapana. "Unataka nimwambie mama?" Hapana. "Nisimwambie?" Hapana. "Unanilaani?" Kasuku alikunja uso kana kwamba hilo ni la kipuuzi. "Unanisamehe?"

Kwa hilo alimtazama kitambo kirefu. Kisha akatikisa kichwa, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni kwamba amegonga nyumba siyo.

Walikisia kwa zaidi ya saa nzima. Walipitia kazi, watoto, baba yao marehemu, mashine, daktari, utoto. Wifi yake, mwenye haki zote za kumfukuza, aliketi bega kwa bega naye wakikisia pamoja, kwa sababu na yeye alitaka kujua. Mara moja Kasuku alitikisa mkono kwamba wamekaribia, wakarukia pale pale kwa maneno kumi, na yote kumi akayakataa. Mwishowe alishusha pumzi. Aliugonga mkono wa dada yake mara mbili, akainuka, akaenda chumbani kulala.

"Amechoka," wifi yake alisema bila kumtazama. "Nenda. Jumamosi ijayo njoo tujaribu tena."

Njiani mwote wakati wa kuja alikuwa amejiandaa. Alijiandaa kutukanwa, alijiandaa kufukuzwa, alijiandaa hata kusamehewa, jambo aliloliogopa kuliko yote. Hakuwa amejiandaa kwamba kaka yake angekuwa na jambo moja la kumwambia, liko wazi kabisa kichwani mwake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyehakikisha hatalisikia.